Kiti cha Picha

Jeddah, Al-Safa
Jumamosi, 28 Juni

Wameondoka. Wameacha mabaki ya kuku mezani, taulo sakafuni, na mama mzazi wa baba mwenye nyumba chumbani mwake kule nyuma. Madam alipofika mlangoni aligeuka akaniambia, "Truphena, friza usiizime." Kisha akakumbuka, akaongeza, "Na Sitti umwangalie." Friza kwanza.

Sitti ndivyo wajukuu wanavyomwita bibi yao, nasi wafanyakazi tukafuata. Tangu aanguke bafuni wakati wa Ramadhani hasimami bila kushikwa. Baba, yaani Hatim mwanawe, alimbusu kichwani, akamwambia dada yake atakuja kutoka Riyadh kukaa naye. Sitti akamwambia nenda mwanangu, ukapate hewa. Gari halijafika hata mwisho wa barabara akaniuliza, "Atarudi lini?"

Wameenda Bergen, mji wa huko Norway, kukimbia joto. Mimi na Zablon dereva tumebaki na joto lao na mama yao.

Jumatatu, 30 Juni

Paka wamepasua mfuko wa taka getini, matumbo ya samaki yametapakaa hadi barabarani. Zablon anasema hiyo si kazi yake. Alikuwa ndani ya gari la baba, AC imewashwa, anajirekodi video amevaa miwani. Nimeyaokota mimi, kwa mkono.

Jumatano, 2 Julai

Lujain, binti wa nyumba hii, ameanza kunimiminia picha. Ana wafuasi wengi kwenye simu, na safari hii amewaahidi kuwaonyesha kila mahali pa kupiga picha Bergen na milima inayoizunguka. Mpigaji ni yeye, mchaguzi ni mimi. Hii ilianza mwaka jana pale Kornishi, ufukweni, aliponipa simu nimpige picha, akaona nimempiga vizuri kuliko rafiki zake wote. Nikamwambia Kenya nilifanya kazi studio, Kakamega mjini, nikipiga harusi na mahafali na mazishi. Tangu hapo hatoi picha bila kuniuliza.

Za leo: nyumba za mbao kando ya bandari, nyekundu na za manjano, zimeegemeana kama walevi. Halafu ile reli inayopanda mlima, na mji wote chini, na bahari imejiingiza katikati ya milima kila upande. Kila kitu kimeoshwa na mvua. Mimi nimekaa jikoni nanuka dawa ya choo, namwandikia: hii tupa, kuna pipa mbele. Hii irudie alasiri, jua likiwa mgongoni mwako, simama ng'ambo ya maji ili nyumba zionekane mara mbili. Amenijibu kwa mioyo.

Mimi ambaye Jeddah yenyewe naijua kupitia kioo cha gari, nawaambia watu pa kusimama Bergen. Na nilifurahi, sitaficha.

Alhamisi, 3 Julai

Sasa madam naye anataka picha. Ametuma sauti: kila siku baada ya Asri nimpige Sitti, nimtumie yeye, naye ataiweka kwenye kundi la familia ili baba aione. "Mvalishe ile tarha nyeupe ya kichwani. Mkalishe dirishani, kwenye maua. Baba ana presha, Truphena, asisumbuliwe. Kila kitu kipitie kwangu. Fahamti?"

Nimefahamu. Kuna kiti cha mbao cha kuchongwa pale sebuleni, cha maonyesho tu, hakuna anayekikalia. Tumekibeba mimi na Zablon hadi dirisha la chumba cha Sitti, pale bogenvilia inapopanda ukutani. Nikamkalisha, nikashusha pazia jepesi ili mwanga usimchome, nikampaka mafuta midomoni. Tukangoja jua lishuke kidogo. Picha ilivyotoka, jamani, utadhani mama wa mfalme. Madam akanitumia jibu la baba nilione: mashallah, amerudi ujanani.

Kazi hii ya kupamba picha hakuna Mkenya wa huku asiyeijua. Unaegemea gari la bosi. Unakaa kwenye sofa la madam akiwa ametoka. Ukipata ruhusa unasimama mbele ya chemchemi ya mall, na nyumbani wanasema huyu wetu ametoboa. Mama yangu huzipeleka picha zangu kanisani kwetu Chavakali, zizunguke viti vyote. Chumba changu cha juu, kando ya tangi la maji, hakijawahi kuonekana kwenye picha.

Jumapili, 6 Julai

Emmah mdogo wangu ametuma picha ya mama, kama kila Jumapili. Mama kwenye kiti mbele ya ua wa michongoma, leso magotini, mwanga wa asubuhi umemkaa usoni vizuri. Nilimfundisha mwenyewe: mkalishe, funika chini, usipige baada ya saa nne. Amejifunza. Nimeitazama hadi maziwa yakafurika jikoni.

Jumatano, 9 Julai

Dada ya baba hajaja. Anasema wiki ijayo, Riyadh ana mambo.

Jumamosi, 12 Julai

Kuna harufu ndani ya nyumba. Nimefua mapazia ya korido.

Jumatatu, 14 Julai

Harufu bado ipo. Nimetoa vyote kwenye friza, nyama yote, nikanusa kipande kwa kipande kama mbwa. Nimemwaga maji ya moto na siki kwenye mifereji ya bafu. Nimesogeza makabati nikitafuta panya aliyekufa. Zablon nimemwambia avue viatu vyake aviweke nje, akanuna.

Lujain ametuma ziwa dogo katikati ya mji, na chemchemi yake, na watu wamekaa kwenye nyasi wanakula aiskrimu. Nikamchagulia ile yenye bata.

Jumanne, 15 Julai

Ni Sitti.

Nimekuwa nikimwogesha kwa kitambaa, upande upande, kwa haraka, kwa sababu yeye mwenyewe ana haya na hupenda nigeuze uso. Leo nilimgeuza ubavu nibadilishe shuka, na nguo ilikuwa imeshikana na ngozi. Nilipoibandua ile harufu ilinipiga, nikakimbilia dirishani. Chini ya kiuno, pale mfupa unapotokeza, ngozi imekufa, nyeusi pembeni, katikati kuna shimo la kuingia kidole. Kuna majimaji ya kijani. Nimepiga picha maiti wengi pale studio, watu wakitaka picha za jeneza, na sikuwahi kutapika. Leo nimetapika.

Halafu nilirudi, nikaosha kwa maji ya chumvi. Hakulia. Alikuwa anasoma kitu kwa midomo.

Nikakiangalia kile kiti. Ubao mtupu, na nakshi zimetokeza pale pale mfupa wake unapokaa. Kila siku namweka hapo, nangoja mwanga. Jana mawingu yalipita nikamwambia, "Kidogo tu Sitti, subiri, jua linarudi," naye akasubiri. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia inauma. Akasema, "Nilidhani Hatim anataka picha."

Jumatano, 16 Julai

Nilipiga picha ya kidonda nikamtumia madam. Alijibu kabla sijaweka simu chini.

"Ish hada, nini hiki, Truphena! Tuko mezani tunakula! Usinitumie uchafu."

Baadaye akatuma sauti, ametulia: nipake vaselini, niweke poda ya watoto, wazee wote hupata hayo. Na picha ya leo iko wapi? Kisha pengine kwa bahati mbaya, pengine ili kunipoza, akanitumia sahani ya kamba wakubwa mbele ya dirisha, na bandari nyuma yake. Mwanga mzuri. Nilitaka kuitemea simu mate.

Alhamisi, 17 Julai

Kiti nimekirudisha sebuleni. Picha nimepiga akiwa kitandani, uso peke yake, tarha nyeupe na mto mweupe. Madam amesifu: hii ya karibu ni nzuri zaidi, macho yanaonekana.

Sasa najua namna ya kumkata mtu katikati na bado akaonekana mzima.

Ijumaa, 18 Julai

Nilimwambia Zablon tumpeleke Sitti hospitali. Alikuwa anakula wali kwenye boneti ya gari.

"Dadangu, hapa si kwetu," akasema. "Huyu ni mzee wa wenyewe. Tukimpeleka hosi bila wenyewe kusema, na Mungu apishe mbali ajifie huko, wataanza na nani? Si ni mimi na wewe? Ikama yangu, kibali cha kukaa huku, iko kwa baba. Mafi kalam, hakuna maneno. Halas."

"Na akifia humu ndani?"

"Akifia ndani ni mapenzi ya Mungu. Akifia kwa gari ni mapenzi ya Zablon."

Nilimtukana kwa Kilogooli, na kwa kuwa yeye ni Mkisii hakuelewa yote. Lakini jioni aligonga mlango wa jikoni, amebeba godoro la sponji amelikunja kifuani. Ni lake, la chumba cha getini. Amelikata tundu katikati kwa kisu cha nyama. "Mlalishe hapa, ule mfupa ukae kwa shimo, usiguse kitu. Nyanya yangu tulimfanyia hivi." Na kwenye mfuko kulikuwa na dawa ya kuoshea vidonda na bandeji, kutoka duka la dawa. Yeye analalia mkeka sasa. Nimefuta moyoni nusu ya niliyomtukana.

Jumapili, 20 Julai

Picha ya mama imefika. Ua, kiti, leso. Amenenepa usoni, Mungu ni mwema. Nilitaka tuongee lakini Emmah anasema mtandao wa huko ni mbaya.

Jumatano, 23 Julai

Joto na unyevu, kuta zinatoka jasho. Namgeuza Sitti kila mara: kushoto, kulia, kushoto. Nikimaliza nanawa hadi viwikoni, na bado nikila mkate nausikia ule uvundo kwenye mkate.

Jumanne, 29 Julai

Dada wa Riyadh amepiga. Hataweza, mtoto wake ana mafua. Ameniuliza kama zile cherehani za zamani za Sitti bado zipo, anazitaka.

Jumapili, 3 Agosti

Lujain ametuma maporomoko ya maji, nje ya mji kidogo, yenye njia inayopita nyuma yake, unatembea ndani ya mlima na maji yanashuka mbele ya uso wako. Baba yumo. Koti la mvua la manjano, kofia imemshuka, amefungua mdomo anacheka kama mvulana. "Truphena, hii je?"

Ni picha bora kuliko zote za safari. Nilikuwa sitaki kusema hivyo. Nikampelekea Sitti simu aione. Aliishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole juu ya koti la manjano.

"Amekonda," akasema.

"Anacheka, Sitti."

"Anacheka lakini amekonda."

Picha ya mama yangu pia imefika leo. Sikuwa na muda nayo.

Ijumaa, 8 Agosti

Baba hupiga simu kila Ijumaa baada ya swala, kwenye kile kisimu chake Sitti, na nilikuwa nimeapa leo nitasikiliza.

"Keif halik, ya ummi?"

"Bikher, alhamdulillah. Nimekuona kwenye maji. Mahali pazuri, mwanangu. Kaa, kaa. Usiharakishe."

Kidonda kimefika mfupani, nimeuona kwa macho yangu, mweupe, na mama huyu anasema kaa. Baba akacheka, akasema picha zako kila siku zinanifurahisha, Truphena anakutunza. Nilikuwa nimesimama pale na beseni la usaha.

Alipokata, Sitti akageukia ukuta. Mabega yakawa yanatikisika. "Nilitaka kumwambia aje," akasema. "Mdomo ukakataa."

Nimewachukia wote leo. Madam na kamba wake. Dada na cherehani zake. Baba, mtu mzima na ndevu, anaona uso wa mama yake kila siku na haulizi mwili uko wapi. Na Sitti pia, Mungu anisamehe. Wamama wanaosema kaa, huku wanataka uje, wanatuuza sisi sote.

Jumapili, 10 Agosti

Mama, ua, kiti, leso.

Jumanne, 12 Agosti

Homa. Mwili unachoma, mikono ya baridi. Ameniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nimemwandikia madam, amejibu: Panadol, maji mengi, Jumapili ijayo tutarudi, usimtie baba hofu. Juu ya ujumbe huo Lujain alikuwa ametuma ngazi nyeupe za mtaa wa zamani, maua kila dirisha, anauliza aweke ipi ya kwanza. Sikumjibu. Ni mara ya kwanza.

Jumatano, 13 Agosti

Homa ilishuka asubuhi, akawa na akili zake. Nikamwonyesha picha ya mgongo wake.

Hakuwahi kukiona kidonda chenyewe, angekionaje? Aliisogeza simu karibu, akaisogeza mbali. "Hii ni ya nani?"

"Ni yako, Sitti."

Nikamwambia nataka kumpelekea Hatim, kwa simu yako, moja kwa moja, isipitie kwa mtu. Akaushika mkono wangu kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Aib, ya binti. Mtoto haonyeshwi mwili wa mama yake. Aib."

"Sitti, hatakuja bila kuona."

"Aib."

Nikaacha. Ningeweza kuituma bila yeye, ni kubonyeza tu. Lakini nimemfanya kama kila mtu atakavyo tangu mwezi wa saba, nimemkalisha, nimemkata, nimemvalisha. Hii moja ni yake.

Alhamisi, 14 Agosti

Adhuhuri aliniita. Sauti ilikuwa ya karatasi.

"Mpelekee."

Nikachukua simu.

"Ngoja. Nywele zangu zinaonekana?"

Kweli, kwenye ile ya awali msuko wake mweupe ulikuwa umeangukia begani. Basi tukapiga upya. Nikamgeuza ubavu, nikamfunga tarha nyeupe vizuri, kila unywele ndani, nikafunika miguu, nikaacha wazi kile kidonda tu. Sikushusha pazia. Sikungoja jua. Nilipiga mchana kavu ule unaoua sura ya mtu, usaha ukang'aa, nguo yenye damu ikionekana, na godoro la Zablon na tundu lake. Nilimwonyesha. Akaangalia nywele kwanza. Akaitikia kwa kichwa, nikatuma.

Alama za buluu zikatokea mara moja. Nikaketi sakafuni. Zablon alikuja akasimama mlangoni bila kuuliza, amevua kofia.

Kisha simu ikalia. Ni baba. Alikuwa anapumua tu, na nyuma yake nilisikia mvua. Mwisho akasema, "Zablon yuko?" Nikampa Zablon. Zablon akasema, "Ndiyo bosi. Ndiyo bosi. Sasa hivi, bosi," na kabla hajakata alikuwa ameshambeba Sitti mikononi na shuka lake.

Hospitali daktari aliuliza amekuwa hivi tangu lini. Nikasema tangu mwezi wa saba. Akaniangalia, akaandika.

Ijumaa, 15 Agosti

Baba amekuja, peke yake. Bado alikuwa na lile koti la manjano mkononi, katika joto hili. Alipoingia chumba cha hospitali alisimama mbali na kitanda, kama mtoto aliyevunja kitu. Sitti alifungua macho.

"Umekonda," akamwambia.

Akapiga magoti pale chini, akaweka kichwa chake kwenye mkono wa mama yake, akalia kwa sauti. Mimi na Zablon tukatoka. Kwenye korido Zablon naye alikuwa anajifuta kwa kofia. "Jasho," akasema.

Jumatatu, 18 Agosti

Madam amerudi jana usiku na watoto. Amenipita jikoni kama kabati. Lujain amenizuia kwenye simu yake.

Jumatano, 27 Agosti

Sitti amefariki leo asubuhi. Sumu ya kidonda ilikuwa imeingia kwenye damu. Mwanawe alikuwa amemshika. Hilo Sitti alilipata.

Jumamosi, 30 Agosti

Siku ya mwisho ya matanga. Wanawake wamejaa sebuleni, mimi napitisha kahawa na tende. Dada wa Riyadh amekuja, mafua ya mtoto yamepona. Simu ilikuwa inapita mkono kwa mkono, nami nikainama kumimina nikaona: Sitti dirishani, tarha nyeupe, bogenvilia, mwanga shavuni. Lujain ameiweka kwa wafuasi wake, katikati ya milima ya Bergen na maporomoko ya maji. Wanawake wakawa wanasema, tazama nuru ya uso, aliondoka akiwa ameridhika. Mmoja akauliza ni nani aliyempiga vizuri hivi. Nilimwaga kahawa kwenye zulia.

Na kile kiti, dada wa Riyadh alikuwa amekikalia.

Jioni baba aliniita barazani. Alikuwa na simu yake mkononi, anapitisha picha nilizopiga, moja baada ya nyingine, polepole.

"Kila siku, Truphena. Naamka, naangalia. Nikiona yuko salama, natoka."

"Baba, madam alisema..."

"Madam namjua. Nakuuliza wewe. Hizi ni zako?"

"Ni zangu."

"Ni nzuri sana," akasema, akazima simu.

Angenipiga kofi ningemshukuru. Nilirudi jikoni na maneno yote ambayo ningemjibu: na wewe je, ndege hazikuwepo? Ijumaa zote zile hukusikia sauti yake ikizidi kupungua? Haya yote ni kweli, na hayaondoi hata picha moja. Nilijua mgongo ulivyo, nikapiga uso. Ile harufu niliyoitafuta kwenye friza ya madam ilikuwa yangu pia.

Riyadh, Al-Murabba
Jumamosi, 6 Septemba

Wamenileta kwa shemeji wa baba, nisafishe ofisi zake. Madam hataki kuniona, baba hataki kunirudisha nyumbani kabla mkataba haujaisha. Zablon ndiye aliyenileta, njia nzima jangwa, hakujirekodi hata mara moja. Tulipofika akashusha begi langu, akalishusha pia lile godoro. Ameshona tundu kwa uzi wa viatu. "Usikatae," akasema, "hata mimi sitaweza kulilalia tena."

Tunalala wanawake kadhaa chumba kimoja juu ya ofisi. Hapa joto ni kavu, pua zinatoka damu.

Jumapili, 14 Septemba

Emmah ameandika: mama anauliza mbona hakuna picha siku hizi, watu wa kanisani wanaulizia. Wenzangu wakanishauri niende kupiga kwenye majengo mapya yenye taa. Nikasema naumwa kichwa.

Halafu picha ya mama ikaingia. Ua, kiti, leso. Ni nzuri. Mwanga wa asubuhi, pembe ile ile niliyomfundisha, hakuna kitu kinachozidi wala kupungua. Nilikuwa naenda kuipitisha, mkono ukasimama.

Nikarudi nyuma kwenye zote. Jumapili zilizopita, na zilizozitangulia, hadi kabla ya Pasaka. Kiti ni kile kile na hakijasogezwa, nyasi zimeota zikapanda miguuni mwa kiti. Leso imefunika kuanzia magotini, kila mara, hata siku za jua kali. Uso niliosema umenenepa umevimba. Hakuna picha hata moja tangu Pasaka mama amesimama. Miguu yake sijaiona.

Nikaandika: Emmah, mwambie mama asimame. Mpige akitembea hadi kwenye ua.

Emmah akawa anaandika. Akaacha. Akaandika tena.

"Mwanga si mzuri saa hii, dada."

Sitaki mwanga, nikamwambia. Toa hiyo leso.

Nilingoja nimekaa juu ya godoro la Zablon, watu wanapita na ndoo zao za kufulia. Jibu lilipokuja halikuwa picha.

"Ni mguu. Kidonda hakifungi, sasa kimeanza kunuka. Alitukataza tusikwambie. Amesema uko mahali pazuri, tumeona sote, usisumbuliwe."

Nimempigia simu, mama ndiye aliyepokea. "Mwanangu! Uko salama? Sisi wazima, Mungu ni mwema. Wewe kaa, kaa umalize mkataba wako."

Nilimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha nikaomba Emmah arudishiwe simu, nikamwambia apige mguu wenyewe, mchana huu huu, karibu, anitumie mimi bila kuupamba. Kesho nampelekea baba Hatim. Yeye ndiye anayetoa ruhusa ya mimi kusafiri, na picha kama hiyo anaijua.

"Na kabla hujapiga," nikamwambia, "mfunge mama kilemba."